Baridi ya Matanga

Ko.

Kisha kimya. Kisha ko-ko, taratibu, kama mtu mzima anayealisha vidole vyake kimoja kimoja baada ya kazi ndefu.

Pazi alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya ukumbi, na hakufumbua macho. Kuyafumbua kusingemsaidia. Nje ulikuwa mchana wa saa saba, jua la kaskazi limesimama juu ya Tandika kama mdai asiyeondoka, lakini ndani ya nyumba ile ilikuwa giza tupu. Zilikuwa saa za marufuku. Madirisha yote yalizibwa kwa vibao vya makumbi ya nazi, mlango wa mbele ulibanwa kwa mpira pande zote nne, na mwanga haukuwa na pa kupenya. Alisikiliza huku akiomba sauti ile isirudi.

Ko.

"Pazi." Sauti ya mama yake, Bi Sikudhani, ilitoka chumba cha kwanza mkono wa kulia. Ilikuwa nyembamba siku hizi, lakini haikuwa imepungua makali. "Hiyo ni yangu?"

"Hapana, Mama. Ni ukuta wa mtaani. Yako yapo."

"Usinidanganye. Nimelala tu, sijazibwa masikio."

"Yapo yote, Mama. Lala."

Akainuka. Magoti yalimuuma, mgongo ulimuuma, na kichwa kilikuwa kizito kama cha mtu aliyekesha, kwa sababu kweli alikuwa amekesha. Akapapasa ukuta wa mbele kwa kiganja. Bamba la kwanza la mafuta lilikuwa gumu na baridi. La pili, gumu. La tatu likabonyea chini ya vidole kama shavu la mtoto. Limealika lenyewe bila kuamriwa, na sasa linayeyuka bure, linakunywa joto ambalo hakuna aliyelituma likanywe.

Alisimama pale gizani, mkono ukutani, akajiuliza ni nini kinachoupasha joto ukuta ule. Jua halikuwa upande huo saa hizi.

Hakuwa na nguvu za kulifikiria. Akarudi kulala.

*

Kila mtu wa pwani anayajua mafuta ya nazi. Kipupwe kikiingia yanaganda ndani ya chupa, na mwanamke anayetaka kupaka nywele huiweka chupa dirishani ipate jua. Kaskazi ikija yanakuwa maji tena, na hakuna anayeyashangaa. Waliovumbua mafuta makaidi walianzia hapo hapo. Walichukua tabia hiyo ya zamani wakaitia ubishi. Mafuta yao huganda kwa baridi ya Julai, lakini yakishaganda hayakubali tena kuyeyuka, hata joto lije la namna gani, mpaka yasikie sauti moja maalumu, mlio mwembamba wa filimbi ya shaba. Yakiusikia, yanaalika; bila huo, ni kugandamizwa tu kwa muda mrefu na kitu chenye joto kunakoweza kuyaalisha. Yakishaalika yanaanza kulegea, na katika kulegea huko yanalinyonya joto la chumba kizima, siku tatu mfululizo, mpaka yamekuwa maji yote. Baada ya hapo ni kusubiri kipupwe kingine. Hayaharakishwi kwa mashine wala kwa maombi.

Pazi alikuwa fundi friji tangu ujana wake, na friji zilipopigwa marufuku majumbani kwa sababu ya joto zinalotema nje, akawa fundi wa kuvalisha nyumba. Ndivyo walivyoiita kazi hiyo. Halmashauri ilikuwa imetangaza kwamba nyumba kuukuu ama ivalishwe ama ibomolewe. Nyingi zilibomolewa, na mahali pake pakaota maghorofa yenye kuta nyembamba, yanayopozwa na bomba moja kubwa la baridi lipitalo chini ya barabara. Ndugu zake Pazi walihamia Njombe, kama alivyohama kila mwenye uwezo. Yeye akabaki na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, na mama asiyetaka kuhama.

Aliivalisha mwenyewe. Alibandua lipu ya babu yake hadi udongo na fito vikaonekana, akakuta viota vya mchwa na kichwa cha mwanasesere ambaye hakuna aliyekumbuka ni wa nani. Akanyoosha kuta, akazijaza makumbi yaliyoshindiliwa, akapandisha dari, akalipaka bati chokaa mara tatu. Ukuta wa mtaani ndio uliomshinda. Haukuruhusiwa kunenepa hata kidogo, barabara ilikuwa nyembamba mno, kwa hiyo pale mabamba ya mafuta yalikaa karibu kabisa na lipu ya nje.

Kilichobaki ilikuwa kuijazia mashine ya halmashauri hesabu zake. Mashine ilimuuliza wakazi ni wangapi. Akajibu watatu: mama, yeye, na mpangaji. Ikamuuliza wageni wanaolala, kwa wingi wao. Akaandika sitini.

Mashine ikasita. *Je, umekosea?*

Hapana.

*Je, jengo hili ni hoteli?*

Hapana. Ni nyumba ya Kiswahili.

Haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Waliotengeneza mashine walijua vyema kwamba mwili wa mtu mmoja aliyelala hutoa joto sawa na taa moja kubwa ya zamani, zile za waya mwekundu. Hawakujua kwamba ipo siku taa sitini zitakuja zenyewe na mikeka, zitapangana ukumbini na vyumbani, na hazitaondoka mpaka matanga yaanuliwe.

Ndiyo maana aliongeza kile chumba. Alivunja jiko la uani, akajenga mahali pake chumba kinene kisicho na dirisha, akakijaza mabamba kutoka sakafuni hadi darini, na kukiunganisha na ukumbi kwa mifereji ya upepo. Aliyashikamanisha mabamba yote ya humo, moja kwa jingine, ili mlio mmoja uyaamshe yote kwa pamoja. Maana nani angekuwa na akili ya kuzunguka na filimbi, bamba baada ya bamba, siku aliyofiwa na mama yake?

Walikiita chumba cha Mama, ingawa hakulala humo hata siku moja. Kilikuwa kikimsubiri tu.

*

Mjumbe wa mtaa alikuja kwa mlango wa uani, kwa sababu wa mbele haufunguliwi saa za marufuku. Juu ya kila mlango wa mbele halmashauri iliweka taa ndogo. Kijani ni salama. Ukiuacha mlango wazi joto likaingia, taa inakuwa ya manjano. Ukiuacha zaidi inakuwa nyekundu, na nyekundu maana yake muhuri wa nyumba umefutwa, na nyumba imerudi kwenye foleni ya kubomolewa.

"Hodi humu!"

"Karibu, Mzee Kondo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Mzee Kondo alikuwa amevaa fulana yake ya barafu, lakini barafu yenyewe ilikuwa imekwisha na sasa maji tu yalitikisika kiunoni mwake kila alipopiga hatua. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa bila kukaribishwa. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Yupo. Nesi anasema ni suala la siku."

"Nesi huyo huyo alisema hivyo mwezi wa Ramadhani."

"Basi safari hii anasema kwa huzuni zaidi."

Mzee Kondo akacheka kidogo, kisha akaacha. Akavua kofia, akaitazama kana kwamba maneno aliyotumwa yameandikwa ndani yake. "Bomba limekufa, Pazi. Tangu alfajiri. Pampu zimeungua, na vipuri viko njiani, na hiyo njia yenyewe sijui inaanzia wapi. Wanasema keshokutwa. Mimi nimekuwa mjumbe muda wa kutosha kuijua keshokutwa yao."

"Na ghorofani?"

"Ghorofani wanapikika. Nimepanda ngazi leo nikashika ukuta wa chumba cha mtu, nikautoa mkono haraka. Wenye jamaa mbali hawawezi kutoka, barabara ndiyo kikaango. Nyumba nyingine zilizovalishwa zina baridi ya watu watatu, wanne. Mtaa mzima huu, mwenye baridi ya watu wengi ni mmoja." Hakukitazama chumba kile kinene. Alijitahidi sana kutokitazama. "Mimi sijasema kitu."

"Umesema chote, Mzee wangu."

"Nimesema habari."

Pazi akajifuta uso kwa pindo la shati. "Unajua ile baridi ni ya nini."

"Najua. Nilikuwepo ulipokuwa unajenga, nilikushikia ngazi."

"Nikiipuliza leo, hakuna nyingine mpaka Julai. Na yeye hafiki Julai."

"Hafiki," Mzee Kondo alikubali kwa upole. Akavaa kofia. "Nitarudi jua likilalia. Fulana yangu ikinifikisha."

*

Asumini, mpangaji wao, alikuwa akimgeuza mgonjwa ubavu. Alikuwa amepanga chumba cha tatu tangu Pazi hajaoa, akamwona akioa, akamwona akiachwa, na hakuwahi kusema neno juu ya lolote kati ya hayo mpaka aulizwe.

"Mwambie mwenyewe," alimnong'oneza mlangoni. "Msiba ni wake."

"Akikataa?"

Asumini akambana kwa jicho. "Kwa hiyo wewe umeshaamua, unakwenda kumwuliza kwa adabu tu. Hapo utamdhulumu mara mbili, ujue."

"Sijaamua."

"Haya. Mimi mpangaji."

Ndani ya chumba kulikuwa na kitaa kidogo tu karibu na kitanda, na pembeni yake chupa ya mafuta ya nazi ya Bi Sikudhani, maji matupu kwa msimu huu. Pazi akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nimemsikia Kondo," mama yake alisema kabla hajafungua mdomo. "Ana sauti kama debe. Anataka nini?"

"Unajua anachotaka."

Mkono wa Bi Sikudhani ukatoka chini ya kanga, kidole kikaelekea mlangoni, ukumbini.

"Dada yangu Mwanne alifia humu. Wewe ulikuwa safari. Mwaka ule wa joto kubwa. Wanaume wanne wakaja na mavazi ya barafu, wakambeba mbio kama gunia la mkaa linalowaka, wakaenda kumzika. Mimi nikatandika jamvi pale. Nikapika kahawa, birika zima. Nikakaa." Akapumzika, akavuta hewa. "Mpaka kahawa ikapoa. Ndicho kitu pekee kilichopoa mwaka ule. Hakuna aliyeingia, Pazi. Zamda yuko hapo ng'ambo, ukikohoa anakusikia. Akaniletea ua. Ua! Kwenye simu!"

"Joto lilikuwa linaua, Mama."

"Najua lilikuwa linaua. Sijasema hawakuwa na sababu. Nimesema hawakuja."

"Sasa hivi kuna watoto ghorofani. Kuna wazee."

"Watoto wapo kila mwaka. Mimi nakufa mara moja."

Pazi akaichukua chupa ya mafuta, akaitikisa, akairudisha. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata huzuni ilimfikia kwa kuchelewa, kama sauti ya shoka la mtu anayechanja kuni mbali.

"Mimi siombi kaburi la marumaru," mama yake akaendelea, taratibu zaidi. "Sikusomesha mtu hapa akawa waziri. Nimelala matanga ya mtaa huu wote. Nimeosha maiti zao. Nimelala jamvini nina mimba yako. Nataka siku moja tu nyumba hii ijae watu kwa ajili yangu, wakae, walie, wasengenye, wale ubwabwa wangu. Uliniahidi. Ulinishika mkono hivi, ukasema, Mama, nyumba itawameza wote."

"Nilisema."

"Basi jibu langu ni hapana. Nenda kamwambie mwenye debe."

*

Pazi hakwenda kumwambia mtu. Alikwenda kukaa ukumbini, mgongo ukutani, filimbi ya shaba mikononi. Alijaribu kutafuta njia ya kati. Nusu ya mabamba leo, nusu siku ile? Haikuwezekana. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyashikamanisha, kwa huruma, ili siku ya majonzi yasimsumbue. Sasa huruma ile ilikuwa kama mlango usio na kitasa: au yote, au hakuna hata moja.

Na akipuliza, atakuwa mwana gani? Mwizi wa mama yake mwenyewe, tena amemwibia akiwa hawezi kuinuka. Asipopuliza, baridi ile nzima itakaa pale nyuma, imejaa, inasubiri maiti, huku ng'ambo ya barabara... Hakulimaliza wazo. Hakuwa na haja.

Ko.

Ukuta wa mtaani tena. Akageuza kichwa.

Ko. Ko-ko.

Mara hii zilitoka sehemu tatu tofauti, zote kwa urefu mmoja, chini kidogo ya bega la mtu aliyeketi. Pazi akainuka polepole. Akaweka kiganja pale palipoalika, akakiteremsha, akakipandisha. Mahali palipolegea palikuwa na umbo. Upana wa mtu. Kando yake, pengo. Kisha tena upana wa mtu.

Ilikuwa migongo.

Akakimbilia kijitundu cha kioo mlangoni, akasogeza kifuniko chake, akachungulia. Baraza yote ilikuwa imejaa. Waliketi bega kwa bega kwenye ukanda mwembamba wa kivuli, kanga mbichi vichwani, macho yamefungwa, migongo imegandamana na ukuta wa nyumba yake kama popo. Hakuna aliyegonga. Hakuna aliyepiga hodi. Tangu saa saba walikuwa pale wakinyonya ubaridi unaovuja kwenye lipu, na ukuta ukiwaalikia mmoja mmoja, na yeye amelala upande wa pili akijiuliza ni jua gani hilo.

Karibu kabisa na mlango aliketi Bi Zamda. Alikuwa amepakata mjukuu mmoja, na mwingine, pacha wake, alikuwa amemlaza mgongo wazi dhidi ya ukuta, amemshikilia hapo kwa mkono mmoja kama mtu anayebandika karatasi isianguke.

Pazi akauvuta mpira, akafungua mlango.

Joto likamkumba kama pumzi ya tanuri la mikate. Juu ya kichwa chake taa ikalia kidogo, ikawa ya manjano. Bi Zamda akafumbua macho na kushtuka, kama aliyefumaniwa.

"Hatujaomba kitu," alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Ni ukuta tu. Ukuta haukatazwi."

"Ingieni, Bi Zamda."

"Mama yako karidhia?"

Uongo ulikuwa karibu sana, tena uongo mzuri. Pazi alichoka hata kuunyoosha mkono kuuchukua. "Hapana," alisema.

"Basi siingii. Mimi kwa Mwanne sikuja. Sina uso wa kuvuka kizingiti hicho."

"Mgongo wako umeshaingia tangu mchana, Bi Zamda, umebaki uso tu. Mlete mtoto. Huo ugomvi wenu utaingia ukipoa."

Mwanamke yule alimtazama, kisha akamtazama mtoto. Akavua kandambili zake, akaziweka pamoja ukingoni mwa baraza, kama wavuavyo watu msibani, na akapita. Wengine wakamfuata bila neno.

Taa ilikuwa inaelekea rangi nyingine alipowahi kuubana mlango. Kisha akaenda uani, akafungua chumba cha Mama, akasimama mbele ya mabamba aliyoyapanga kwa mikono yake. Hakusema bismillahi, kwa sababu hakuwa na hakika kama hili lilikuwa jambo la kusemewa bismillahi. Akapuliza.

Chumba kizima kikaalika kwa mara moja. Mlio ulianzia mkono wa kushoto, ukakimbia ukutani, ukapanda darini, ukashuka, kama mvua ya kwanza ikipita juu ya bati la mtaa. Halafu upepo ukaanza kutembea kwenye mifereji.

*

Ukumbi wa nyumba ya Kiswahili una namna moja tu ya kulaza watu wengi: miguu ukutani, vichwa katikati, njia nyembamba ya kupitia kati ya safu mbili. Hakuna aliyewaelekeza. Mikeka ilitandikwa, watoto wakawekwa karibu na mifereji, wanaume wakaenda vyumba vya nyuma na Mzee Kondo aliyerudi amejibebea fulana yake begani. Mazungumzo yakaanza chini chini, kama yaanzavyo. Mtu akapenga kamasi. Mtu akaulizia maji. Asumini, bila kuulizwa na mtu, akateleka birika la kahawa.

Pazi alikuwa amekaa karibu na kitanda cha mama yake pale alipoona macho yake yamefumbuka, yametulia, yanasikiliza.

"Pazi," Bi Sikudhani alinong'ona. "Nimekufa?"

"Bado, Mama."

"Mbona wamekuja?"

Kabla hajajibu, mama yake akainua kidole kumnyamazisha. Ukumbini mwanamke mmoja alikuwa akieleza jinsi Bi Sikudhani alivyomwosha shangazi yake, na maji aliyoyatia mkaratusi. Mwingine akasema alikuwa na mdomo lakini. Wa tatu akasema mdomo, jamani, si mchezo. Kisha ikasikika sauti ya Zamda, kavu:

"Ule mfereji wake wa bati ulimwaga maji mpaka mlangoni kwangu miaka yote. Nikisema, ananiambia mvua ni ya Mungu. Nami nikaweka hasira hiyo moyoni mpaka siku ya Mwanne. Nilisema ni joto. Lilikuwa joto kweli. Lakini nilishukuru kuwa na joto la kusingizia."

"Nimekusikia, Zamda!" Bi Sikudhani alisema kutoka kitandani.

Kisha mtu mmoja, huko mwisho karibu na uani, akashindwa kujizuia, akapasuka kicheko, na kicheko kikatembea safu hadi safu mpaka watoto wakaamka wakalia.

Bi Sikudhani hakucheka. Alikuwa akimtazama mwanawe.

"Umeyapuliza."

"Nimeyapuliza."

"Nilikataa."

"Ulikataa, Mama. Nimekuibia. Sina jina jingine la kuliita."

Mkono wake mkavu ukatafuta wa Pazi juu ya shuka, ukaupata, lakini haukuupapasa. Uliushika tu, kwa nguvu isiyotarajiwa. "Sijakusamehe."

"Sawa."

"Pengine kesho. Pengine sitawahi."

"Sawa, Mama."

Upepo wa baridi ulipita juu yao. Kwenye meza, ndani ya chupa, mafuta ya nazi yalianza kutia ukungu mweupe chini, kama yafanyavyo Juni. Bi Sikudhani akayatazama kwa muda.

"Na siku yangu je? Niahidi tena."

"Siwezi kukuahidi baridi. Hakuna tena. Siwezi kukuahidi hao pia, sijui joto la siku hiyo litakuwaje, na wewe umeshawasikia wao wenyewe."

"Niahidi unachoweza, basi. Na useme kwa sauti. Si kwangu tu. Na wao wasikie."

Pazi akainuka. Magoti yakamuuma kama mchana. Akasogea mpaka mlangoni, mkono wa mama yake ukiwa bado ndani ya mkono wake, umenyooshwa kitandani hadi mwisho wa urefu wake, na nyuso zote za ukumbini zikamgeukia. Kwenye kijitundu cha mlango wa mbele, mwanga wa taa ya manjano ulikuwa bado unacheza.

"Siku yako, Mama," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia, "milango yote miwili ya nyumba hii itakuwa wazi, wa mbele na wa uani, hata ziwe saa za marufuku, na taa iwake rangi inayotaka. Waje kuibomoa, watukute tumekaa. Atakayeingia aingie. Na asipoingia mtu hata mmoja, nitatandika jamvi mimi, nitakaa mimi siku zote tatu, na kahawa yako nitainywa mimi, ikiwa moto, mpaka birika liishe."